Kamera Ndogo Iliyomkataa Shangazi

Wewe cheka tu. Kila nikianza kusimulia haya watu hucheka, na nikifika katikati huacha. Mimi sinywi, sikuwa na homa, na jua lilikuwa la utosi, kwetu Mundika, siku wageni walipokuja kutoa mahari ya dada yangu Nekesa.

Kwanza nikwambie kuhusu kamera, maana bila hiyo nisingekuwa na kisa, wala nisingekuwa na dada. Mimi ni mgonjwa wa picha. Kamera yangu inaingia kwenye mfuko wa shati. Lenzi yake hujificha ndani mpaka uiwashe, na haina mlio ikipiga. Kioo chake cha nyuma unaweza kukiinua kikageuka mbele, anayepigwa akajiona mwenyewe. Tena inafundishika! Unaionyesha uso wa mtu, unaandika jina lake, na tangu hapo ikimwona popote humzungushia kijisanduku cha manjano chenye jina. Krismasi iliyopita niliifundisha ukoo mzima. Binamu zangu walisema nina utoto. Hata mpiga picha wa kukodiwa, bwana mwenye kamera kubwa kama kichwa cha mbuzi, aliitazama yangu siku hiyo ya mahari akauliza, "Boss, hiyo ni ya mtoto?" Iliniuma.

Sasa sikiliza. Kwetu, siku ya mahari msichana hatoki ndani hivi hivi. Shangazi, dada ya baba, ndiye humshika mkono na kumpeleka kwa wageni. Siku hiyo shangazi ni mkubwa kuliko chifu. Haulizwi anatoka wapi, haulizwi anaenda wapi. Shangazi yetu ameolewa ng'ambo, upande wa Uganda, na tulimngoja mpaka mama akaanza kununa. Ndipo akatokea uani na gomesi ya zambarau, lile gauni refu la mabega yaliyosimama, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa Nekesa bila kusalimia mtu. Mama akasema, "Amekasirika huyo. Hatukumtumia gari." Nani angethubutu kumuuliza?

Nilikuwa nyuma ya jiko nikipiga picha za masufuria walipotoka, wameshikana mikono, kwa mlango wa nyuma. Nikafurahi, nikainua kamera. Kijisanduku kikamkalia dada yangu palepale: Nekesa. Kando yake hakikutokea kitu. Nikadhani jua limeichanganya, nikavuta karibu kwa zumu. Niamini, ndugu yangu. Kwenye kioo niliona mahindi, na njia, na dada yangu amenyoosha mkono pembeni, vidole vyake vimebanwa na hewa tupu. Nikiinua macho, shangazi yupo, gomesi inapepea. Nikishusha macho, hayupo.

Halafu nikaona jambo jingine: njia waliyoshika haikuwa ya kwenda kwa wageni. Ilikuwa inateremka katikati ya mahindi hadi mtoni.

"Shangazi, ngoja basi! Tupige moja tu!"

Hakugeuka. Nekesa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu aliyejaa usingizi. "Wacha, wewe. Leo shangazi hapigwi picha. Tunaenda."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Upige kelele mbele ya wakwe kwamba shangazi si shangazi, dada aaibike, posa ivunjike? Na je, kama ni mimi niliyerukwa na akili? Nilichepuka, nikakimbia ndani ya mahindi majani yakinichana mikono, nikatokea mbele yao. Nikakiinua kile kioo, nikakigeuza kiwatazame.

"Nekesa, hebu jiangalie. Umependeza sana."

Hakuna msichana anayekataa kujiangalia siku ya mahari yake. Aliinua uso, akatabasamu, na tabasamu likamfia mdomoni.

"Mbona niko peke yangu?" Akautazama mkono wake, akakitazama tena kioo. "Bro, mbona niko peke yangu hapa?"

Yule naye alitazama. Nilimwona akijitafuta kwenye kioo. Uso aliokuwa nao alipojikosa sitaki kukueleza, ila haukuwa wa shangazi tena, wala haukuwa wa mtu. Nilitaka kukimbia, nakwambia ukweli. Badala yake nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena, nikimsogelea, na hasira ikanipanda mpaka woga ukapungua.

"Kwa picha hauko! Toka! Huyu ni wetu!"

Akauachia mkono. Mahindi yakalala chini kuelekea mtoni, kana kwamba ng'ombe amepita mbio, na aliyeyalaza hatukumwona. Nilimkokota dada yangu hadi uani. Tulimkuta mama ameshika simu, mdomo wazi, na sauti ya shangazi inafoka humo ndani: "Niko Malaba, hapa mpakani! Malori yamefunga barabara! Nachukua boda, msianze bila mimi!"

Alipofika, vumbi hadi kwenye nyusi, nilimlenga kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kijisanduku cha manjano kikawaka: Shangazi. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona timu yake ikifunga bao. Akamshika Nekesa mkono, akamtoa kwa mlango wa mbele, na vigelegele vikasikika hadi barabarani. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama picha ile. Na bwana wa kamera kubwa? Wakati wote huo alikuwa hemani, anakula.

Nekesa sasa anakaa Burumba na mumewe. Mkono wake wa kulia ni baridi mpaka leo, hata akitoka kusonga ugali. Mumewe husema unamfaa wakati wa joto, lakini mimi nikiugusa huuachia upesi.

Basi ukiwa na sherehe, usione haya. Akija mtu mwenye sura unayoijua, halafu akakwepa kupigwa picha, usimkabidhi mtu wako eti kwa sababu ni mkubwa. Mwombe radhi, lakini mpige picha. Shangazi yetu wala hachukii. Siku hizi akifika langoni husimama mwenyewe, huinyoosha gomesi yake, na hakanyagi uani mpaka nimwonyeshe jina lake.