Wiki ya Kumjaribu Pipo

Shigela alimkagua mbwa kama anayenunua dume la kulimia mnadani. Alimfunua mdomo akatazama meno, akampapasa mgongo, akamtembeza mara mbili kuona kama anachechemea. Masikio yaliyoning'inia kama matambara ya kudekia yalimtia shaka, lakini miguu ilikuwa sawa.

"Anaitwa Pipo. Ni mbwa aina ya bigo, wale wa kuwinda kwa kunusa," alisema Marcelo, fundi wa Kiitaliano aliyefunga mashine katika kiwanda kipya cha pamba Bariadi, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kushindana na chama cha ushirika. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. "Mzee Shigela, kaa naye wiki moja. Jumamosi uniambie. Ukimkataa, namtafutia mtu Mwanza."

Shigela, mpima pamba wa kiwanda hicho, alikuwa na hoja nzito. Kule kwake Sapiwi fisi walikwisha kuwala mbuzi wawili, na alitaka mlinzi. Jambo la pili hakumwambia mtu: tangu mkewe Mektilda afariki, miezi minane nyuma, nyumba ilikuwa kimya hadi akawa anawaamkia mbuzi.

Ulinzi ulifeli siku ya kwanza. Mchuuzi wa dagaa aliingia uani bila hodi, Pipo akamlaki kwa mkia na kumsindikiza hadi njia panda. Siku ya pili alikula mayai yote ya kuku aliyekuwa akiatamia. Siku ya tatu fisi alilia mbali, na mlinzi akajichimbia chini ya kitanda cha mwajiri wake.

Balaa lenyewe lilikuwa kila jioni. Ugali ukianza kuiva, pua ya Pipo ilitangulia na mwili ukafuata, na ukimwita hasikii. Alikwenda moja kwa moja hadi shikome ya jirani, pale penye moto wa uani wanapokula wanaume wa kaya, akaketi katikati yao kama aliyealikwa. Jioni ya kwanza Shigela alimfuata kwa aibu, kamba mkononi.

"Mwadila, Ng'wana Salu," jirani yake Kasmiri alimsalimu kwa jina la baba yake.

"Mwadila. Nimemfuata huyu mjinga tu."

"Nawa mikono."

Hapo hakuna kubishana. Ukiwakuta watu wanakula shikome, utakula, hata kama umekuja kukamata mbwa. Tangu msiba Shigela alikuwa akila peke yake ndani, akikwepa macho ya huruma. Alinawa, akamega tonge. Kasmiri hakumpa pole. Alimwambia Shigela kuwa dume lake la kulimia ni jivu tupu, halivuti jembe, wakazozana hadi chakula kikaisha. Kesho yake Pipo alichagua shikome ya Salvatory, keshokutwa ya Josia.

Jumamosi Marcelo alifika.

"Analinda?"

"Halindi."

"Anatii?"

"Hata chembe. Na mayai amenimalizia."

Marcelo akachukua kamba. "Basi nampeleka Mwanza."

Shigela hakuachia upande wake wa kamba.

"Fisi nitawatafutia mbwa mwingine," alisema. "Huyu ana kazi yake."

"Kazi gani?"

Machozi yalimlenga kabla ya jibu kutoka, wala hakuyaficha.

"Ananipeleka kwa watu."