Divai Tuliyoitoa Kwenye Pipa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la divai pale Digbeth, jijini Birmingham, sikuonyeshwa chupa hata moja. Mkuu wa ghala, Bwana Fernandes, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, alinipa glasi ya maji ya bomba na kuniuliza yananukia nini. Nikasema hayana harufu.

"Rudia, Njeri. Maji ya Birmingham yana dawa, na hii glasi imepanguswa na kitambaa kichafu."

Nilimwona mtu wa kujishaua. Lakini baada ya muda mfupi nilikuwa nanusa kila kitu, hata kola za mume wangu, naye hakufurahi hata kidogo.

Nilianzia kuosha chupa, nikapandishwa kwenye kuziba, kisha nikaingia chumba cha kuonja. Kazi yetu kubwa ilikuwa divai ya port, ile tamu ya Ureno inayoongezwa pombe kali. Siku hizo bado ilitufikia kwa mapipa, nasi tukaitia kwenye chupa. Ipo inayokomaa ndani ya chupa, na ipo inayokomaa ndani ya pipa. Hii ya pili hupumua kupitia mbao, wekundu wake ukafifia mpaka rangi ya asali, ikanukia njugu na maganda ya machungwa. Ukishaitia kwenye chupa, kukomaa kwake kumekwisha. Kuanzia siku hiyo inachakaa polepole, ndiyo maana tarehe ya kutiwa chupani huandikwa kwenye lebo.

Tulikuwa na pipa moja lililotuzidi umri sote. Ghala lilipouzwa, meneja mkuu aliamuru divai yake yote itiwe kwenye chupa.

"Mnaiua, sir," Bwana Fernandes alimwambia. "Iache kwa pipa, itafutiwe home ingine."

Meneja akajibu kwamba wanunuzi wanataka kujenga nyumba, hawana haja na mapipa. Basi tukaanza kazi. Mimi nilishika mpira wa kufyonzea, yeye akaziba mwenyewe, chupa baada ya chupa. Alikuwa akilia, nami nikajifanya sioni.

Baadaye niliajiriwa kuonja kwa wafanyabiashara wengine, mpaka korona ikanipokonya pua. Wote nyumbani walirudiwa na harufu isipokuwa mimi. Nilistaafu kimyakimya. Watu wa kazi yangu sikuwaambia sababu. Niliona aibu, na niliona uchungu ambao mpaka leo sijauzoea.

Majuzi Bwana Fernandes aliniita kwenye makao ya wazee anakoishi sasa, huko Perry Barr. Kiharusi kimemharibu koo na wauguzi wamemkataza kunywa kitu chochote chepesi kama maji, asije akapaliwa. Mezani palikuwa na chupa yake ya mwisho ya pipa lile.

"Nionjee, Njeri. Please. Nataka kujua kama tuliiua."

Nikamimina, nikanusa, nikaonja. Nilipata utamu na joto la pombe, basi. Alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikamwambia nimepata njugu, maganda ya machungwa na asali, kwamba bado ni nzima.

"Hiyo unaniambia ni ya siku ile ya pipa," akasema. "Miaka yote hii kwa chupa, haiwezi kuwa hivyo. Pua yako ilienda lini?"

Nikamweleza, na machozi yakanitoka. Hakunikemea. Alisema chupa ilikuwa pale siku nyingi, hata yeye akiogopa kuinusa. Kisha akanyoosha mkono wake ulio mzima, nikampa glasi. Akainusa kwa muda mrefu, amefumba macho.

"Karatasi kuukuu," akasema. "Chai iliyolala. Imekufa, my dear."

Nikaichukua glasi nikaiweka chini. Nikamshika mkono.

"Lakini mdomoni," akauliza, "angalau ni tamu?"

"Tamu sana, mzee," nikamjibu, na hapo sikumdanganya.