Mtamba Wangu wa Kasoli

Harufu ya mpira wa tairi mpya, nikipita kwenye maduka ya Bariadi mjini, bado hunirudisha mwaka niliofaulu darasa la saba. Babu na bibi, wazazi wa baba waliolima pamba Kasoli, walikuwa wameniahidi zawadi kubwa. Nilitaka baiskeli. Sekondari ilikuwa mbali, na jua la kwetu halimwonei mtu huruma.

Babu, ambaye hakuwahi kuninyima kitu, alikubali upesi. Bibi ndiye aliyekataa. Walibishana uani wakichambua pamba, bibi akisema baiskeli huchakaa, ng'ombe huzaa. Nikajua baiskeli yangu imekwenda na maji, maana kwetu ng'ombe akishatajwa mbele ya mzee, mjadala umefungwa.

Jumapili baada ya ibada ukoo uliitwa. Babu akamtoa zizini mtamba wa madoa, akanikabidhi kamba mbele ya wote. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikohoa, akauliza tangu lini binti akapewa ng'ombe, wakati mabinti ndio huwaleta wakiolewa. Nilishukuru nimepiga magoti, kama nilivyofundishwa, kisha nikaenda nyuma ya jiko kulia kwa hasira. Ng'ombe hapandwi kwenda shule.

Basi nikatembea. Kwa mwaka mzima bibi nilimsalimia kwa mdomo tu, na yeye akaitikia kana kwamba haoni kitu.

Nilipokuwa kidato cha pili, baba mkubwa alileta habari za mzee mmoja wa Lalago, mwenye kundi kubwa la ng'ombe, anayemtafutia kijana wake mke. Nilikuwa naosha vyombo pale pale. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Bibi akamgeukia mwanawe taratibu.

"Ng'ombe wa huyu yumo zizini, na ulikuwepo akikabidhiwa. Hao wengine ni wa nini?"

Baba mkubwa alimaliza maziwa yake, akaaga. Habari za Lalago hazikusikika tena.

Bibi mwenyewe aliolewa akiwa na umri wangu ule ule. Nililijua hilo tangu utotoni, ila sikulihusisha na mtamba wangu hadi nilipopata binti anayesoma. Nilifunga safari kwenda kumshukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa lugha yetu, "nilidhani bado umeninunia."