Kofia Ndani ya Foronya

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, tukiwa shambani ng'ambo ya mto Kilombero, mvua inavuja juu ya kitanda cha kamba nilichokuwa nimelalia, na mimi nimefunga mdomo wakati nilipotakiwa kusema. Nitakusimulia yote. Ila ngoja nimalize kwanza mstari huu, maana nikiuacha katikati nitasahau nilipofika.

Haya. Hili unaloliona mapajani ni sweta la mjukuu wangu Dani, ambaye anafanya kazi kwenye bustani ya miche ya miti kule Uchindile. Kule kuna baridi ya kweli, si kama hapa Ifakara ambapo ukitaja sweta watu wanakushika paji la uso kuona kama una homa. Nilimwambia anitumie vipimo, akanitumia picha kwenye simu amesimama ametanua mikono. Sasa picha unaipimaje? Nikafuma mikono kwa kukisia, ikatoka mirefu ya kumfaa nyani, nikaifumua yote nikaanza upya. Na mle kikapuni kuna vitambaa vya makochi vya Mama Salma, yule mwenye duka la nyuzi, ambavyo nimevikalia muda mrefu mpaka naona aibu kupita mbele ya duka lake. Kila nikivishika, mzee wangu anaulizia chai, au kuku wanapanda kwenye mpunga nilioanika. Jana tetea mmoja alitembea na donge langu la uzi mpaka chooni, na mzee, badala ya kumfukuza, akakaa anacheka.

Ndivyo kufuma kwangu kulivyo. Sifumi kwa biashara. Nafuma kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure, na kwa sababu napenda. Nafuma kidogo, nageuza mpunga, nafuma tena, naonja maharage. Kazi ya tatu iliyo mkononi ni kofia ya mtoto wa mkwe wangu Upendo, mke wa kitinda mimba wangu, ambaye anaishi nasi hapa na tumbo lake sasa limeshuka. Hiyo naifuma barazani, mchana kweupe, kila anayepita njia aione. Wengine wanaguna. Waache wagune.

Zamani isingewezekana. Nilipoolewa, watu wa upande wa mume wangu, waliotoka Mahenge kufuata mashamba ya mpunga huku bondeni, hawakutaka kabisa kusikia mtoto ambaye hajazaliwa anaandaliwa nguo. Walisema ni uchuro, unamwita mtoto kabla ya wakati wake. Mama mkwe wangu, Mama Skolastika, alikuwa mkali kuliko wote kwa hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye rozari shingoni na sauti ya kufukuza ndege bila debe. Nilikuwa namwogopa hata akiwa amelala.

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta nikiwa tayari mgonjwa wa kufuma. Mume wangu alikuwa amenisugulia spoku za baiskeli kwenye jiwe mpaka zikawa sindano nzuri. Nikapata sweta bovu la mtumba, la njano, nikalifumua. Mpunga ulipoanza kukomaa tulihamia shambani, kama familia zote zilivyofanya, kuamia ndege wasiule mpaka mavuno. Mimi nilipewa dungu, jukwaa la kulindia, la upande wa mwisho, kule karibu na matete. Huko juu, peke yangu, nikipiga kelele ndege wakitua na kunyamaza wakiondoka, ndipo nilipoifuma kofia ya mwanangu. Raha niliyoipata siwezi kukueleza. Nilikuwa naiweka juu ya goti langu nakiona kichwa cha mtoto ndani yake.

Kwa kuogopa kuonekana, nilifumua mshono wa foronya yangu, nikaizika kofia katikati ya sufi, nikashona tena. Kila siku tukienda kulala nalalia siri yangu, na hakuna aliyejua.

Basi mtoto akaja kabla ya wakati. Tulikuwa tumepanga nirudi mjini baada ya mavuno, nikajifungulie hospitali. Uchungu ukanishika usiku, mume wangu akatoka mbio na baiskeli kutafuta mtumbwi wa kutuvusha, na kulipopambazuka mtoto alikuwa ameshatoka, mikononi mwa mama mkwe. Alikuwa wa kike, mdogo, mdogo kabisa mwanangu, kichwa kama embe dodo. Mvua ilikuwa inanyesha na upepo unaingia kwenye matete ya ukuta wa kibanda chetu. Khanga zetu zote zilikuwa zimelowa. Mama mkwe akavua ya kwake iliyokuwa kavu kidogo, akamfunga mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akaketi karibu na moto. Nikamwona anampapasa kichwani kwa kiganja, anakiondoa, anakirudisha.

"Kichwa kinapoa," akasema. "Nitafutie kitu kikavu cha kichwani, chochote."

Kofia ilikuwa chini ya kisogo changu. Naapa, niliisikia ilipo. Na sikusema.

Utaniuliza mama wa namna gani huyo. Nami nilijiuliza miaka mingi. Lakini mtu mwenye hofu hafikirii kama wewe uliyekaa kwenye mkeka. Niliwaza hivi: nikiitoa kofia, atajua nilimwandalia mtoto, na atasema ndiyo maana amekuja mapema, mimi ndiye niliyemwita. Ukoo mzima utasema. Mtoto akifa, nitakuwa mimi niliyemuua kwa sindano. Nikajidanganya kwamba moto utatosha.

Moto haukutosha. Mtoto alikuwa amelia mwanzoni kama paka, halafu akaacha. Midomo yake ikabadilika rangi. Mama mkwe akamtazama muda, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Yustina, nipe maji kwenye kikombe."

Nilijua maji yale ni ya nini. Katika dini yetu mtoto akiwa mahututi na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Mama mkwe alikuwa anamuaga mjukuu wake.

"Mama," nikasema, "ndani ya foronya yangu kuna kofia."

Hakuniuliza lolote. Aliuvuta mto, akaichana foronya kwa meno, sufi ikatapakaa kibanda kizima, akaitoa ile kofia ya njano, akaipasha moto kidogo, akamvika mtoto mpaka kwenye nyusi. Kisha akamfunga tena kifuani na kumsugua mgongo, huku anasali. Na maji hakuyaacha. Alipohakikisha kofia imekaa vizuri, akamlowesha kidogo kwenye paji la uso na kumbatiza jina lake mwenyewe, Skolastika. Mama mkwe hakuwa mtu wa kubahatisha, wala wa kuachia nafasi kama hiyo impite.

Tukakaa. Mvua ikapungua. Mimi nilikuwa nalia bila sauti nikingoja hukumu mbili, ya mtoto na ya mama mkwe. Ya mtoto ikatangulia. Alipiga chafya. Halafu akaanza kutafuta ziwa kwa mdomo, kwenye kifua cha bibi yake ambacho kilikuwa kimekauka zamani, na mama mkwe akasema, "Huyu mwizi, chukueni mtu wenu," akanipa. Nilimpokea akiwa na joto. Mwanangu, nimepata furaha nyingi maishani, lakini hakuna iliyofikia ile.

Mtoto akiwa ananyonya, mama mkwe akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Uliilalia tangu alfajiri?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanisikia naomba kitu cha kichwani?"

"Nilisikia."

"Kwa sababu yangu?"

Nikainama. Nikasikia anashusha pumzi.

"Nisikilize, Yustina. Niogope chumvi ikizidi kwenye mboga. Niogope ndege wakimaliza mpunga. Mtoto akiwa na shida, usiniogope. Nikikugombeza, basi nikugombeze mtoto akiwa hai." Akaokota sufi kwenye nywele zake. "Huo mwiko tuliachiwa ili umlinde mtoto. Wewe ukaacha mtoto, ukalinda mwiko. Na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, kwa hiyo tumekosa wote." Halafu akaitazama kofia. "Na hii mbona kubwa? Ulimfumia nani, baba yake?"

Nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Mume wangu aliporudi na mtumbwi alitukuta tumejaa sufi kichwani kama kuku waliochinjwa, tunacheka na kulia, akadhani tumerukwa na akili. Tukavuka, tukafika hospitali, na wauguzi wakatuambia tuendelee kumbeba mtoto hivyo hivyo kifuani. Skola huyo leo anauza ndizi barabarani Sanje, ana sauti ya bibi yake, na ndiye mama wa Dani mwenye mikono mirefu.

Ningeweza kuishia hapo ukaenda zako. Lakini nina jingine, la majuzi tu, nalo ndilo lililonifanya nikuite ukae.

Nilikuwa barazani nahesabu vitanzi vya shingo ya sweta hili, mahali ambapo ukikosea unarudia kazi ya siku nzima. Upendo akaja, akasimama kwenye nguzo. Nikainua kidole, maana yake subiri. Akasubiri. Nikamaliza mstari, nikaanza mwingine, naye bado amesimama. Nilipoinua macho nikaona amejishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Samahani, mama," akasema. "Mtoto hajacheza tangu jana jioni."

Sindano zilianguka, vitanzi vikatoka, sikujali. Mzee akakimbilia barabarani kuita bajaji, na nilisahau hata kuvaa viatu. Njia nzima nilimshika mkono nikisali sala zote ninazozijua na nyingine za kubuni. Hospitali wakampima, wakageuza kile chombo cha kusikilizia mapigo ili tusikie wenyewe, na moyo wa mtoto ukajaza chumba, unapiga haraka haraka, mzima kabisa. Muuguzi akasema tumefanya vema kuja, na mama akiona hivyo asingoje hata saa moja. Nilikaa kwenye benchi miguu peku, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mungu ni mwema.

Kwenye bajaji tukirudi, nikamuuliza, "Mwanangu, tangu jana jioni! Kwa nini hukusema jana?"

Akatazama nje. "Niliogopa utasema najidekeza."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mimi, Yustina wa foronya, ninayemsimulia kila mtu habari ya mama mkwe, nimekuwa mama mkwe wa kuogopwa, na sikuwa na habari. Nilikumbuka maneno niliyowahi kusema kuhusu wasichana wa siku hizi na kulala mchana. Niliyasema kwa utani. Yeye hakucheka, aliyaweka moyoni. Nikamwomba radhi pale pale, dereva anasikia, naye Upendo akaniegemea begani mpaka tukafika nyumbani.

Basi shika hili, wewe uliye kijana. Ukiwa na jambo linalogusa uhai wa mtu, liseme, hata kama unayemwambia ana sura ya kuuma. Liseme vibaya, liseme kwa kulia, liseme ukigugumia, lakini liseme mapema. Kugombezwa kunaisha jioni hiyo hiyo. Na kama una kitu kinachoweza kumsaidia mtu, usikifiche kwa kuogopa maneno ya watu, maana hao watu hawatakuwepo siku utakapokuwa unakumbuka peke yako.

Na kwa kuwa nawe utazeeka, Mungu akijalia, chunga mdomo wako kuanzia sasa. Mtu akija kwako amejishika tumbo, shusha kidole, acha unachohesabu, mwulize ana nini. Utani wako uchunguze kama unamchekesha na mwenzako au unakuchekesha wewe tu. Nyumba yako iwe nyumba ambayo hata mgeni wa jana anaweza kusema "nina shida" bila kutazama kwanza uso wa mtu.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako ipate kazi unayoipenda na watu wa kuwafanyia. Akujalie watoto wenye sauti kubwa. Na siku utakapokuwa na neno zito kifuani, akupe mtu ambaye huna haja ya kumwogopa. Na siku mwenzio atakapokuwa nalo, akujalie mtu huyo uwe wewe.