Shangazi Mize na Barabara za Maskati

Wakati wetu sisi, gari haikupita kijijini kwetu Wingwi, Pemba, kimyakimya. Ilianza kusikika ikiwa bado mbali, inakohoa kwenye mlima, na sisi watoto tulishajua ni ya nani kabla hatujaliona vumbi lake. Tuliacha kila kitu, hata chakula, tukakimbilia njiani. Ikishapita tulisimama katikati ya vumbi lile kuvuta harufu ya petroli, tumefumba macho kama watu waliopitishiwa chetezo cha udi. Bibi alitupigia kelele kutoka barazani: "Nyinyi mwavuta moshi! Mapafu yatageuka masizi!" Watoto wangu nikiwahadithia kwamba harufu ya petroli ilikuwa starehe yetu, wananitazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Kwetu tulikuwa na gari. Nalisema hili bila majivuno, kwa kuwa gari yenyewe ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya samawati, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba ya usumba. Baba aliitumia kupeleka ndizi na muhogo Konde, na msimu wa karafuu ukifika akabeba magunia ya watu mpaka Wete. Alibeba na maharusi. Alibeba na wagonjwa. Kazi yetu mimi na mdogo wangu Faki ilikuwa kuiosha, na tuliiosha kuliko tulivyojiosha wenyewe. Lakini kuugusa sukani, hapana. Sukani ulikuwa wa Baba peke yake, na hata Mama alipoufuta vumbi aliufuta kwa haraka, kama mtu anayechukua kitu kisicho chake.

Nilikuwa darasa la nne pale Shangazi Mize aliporudi kutoka Maskati. Alikuwa mdogo wake Baba, ameolewa huko akiwa msichana, na sasa mumewe amefariki, eda amekaa, watoto hakujaaliwa. Alirudi na sanduku moja, bakuli za halua na harufu ya udi iliyokaa ndani ya nyumba yetu mpaka mvua za masika. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na alipozungumza alitazama mbali, kama mtu anayesoma kibao cha njiani.

Baada ya magharibi, chakula kikishaliwa, tulimzunguka atuhadithie. Wengine waliorudi kutoka Uarabuni walihadithia dhahabu na majumba. Shangazi Mize alihadithia barabara. Alisema barabara ya kule ina njia nne za kwenda na nne za kurudi, na katikati kuna maua yanayomwagiliwa maji jangwani. Kuna barabara zinazopita juu ya barabara nyengine. Kuna mizunguko mikubwa yenye sanamu ya birika la kahawa kubwa kuliko nyumba yetu. Ukizidisha mwendo, gari yenyewe inagonga kengele kukuonya. Na ukiipita njia yako ya kutokea, basi ndiyo umeipita, huwezi kusimama wala kurudi nyuma, utakwenda tu mpaka mbele huko, ugeuze, urudi upya.

"Na mtu akishikwa na kiu?" aliuliza Bibi.

"Atavumilia mpaka afike, mama."

"Hapana nyumba ya kubisha hodi?"

"Nyumba zipo. Hakuna anayesimama."

Bibi alitikisa kichwa. "Basi barabara hino imetengenezwa ya nini, ikiwa watu hawaonani?"

Usiku mmoja ndipo Shangazi alipotwambia kwa nini anazijua barabara zile hivyo. Mumewe alipatwa na sukari, ikampofua macho. Ilibidi mtu ampeleke hospitali, na mtu huyo hakuwapo isipokuwa yeye. Akaenda skuli ya udereva, akafeli, akarudi tena, akafaulu. Miaka yote ya ugonjwa alimwendesha kutoka kwao Sib mpaka mjini, na mume aliyekaa pembeni haoni kitu humuuliza, "Tumefika wapi?" naye humsomea vibao. Faki akauliza ile kengele ya mwendo inaliaje.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, bonde likabaki kavu na vishina vyake. Hapo ndipo tulipoijenga Maskati. Tulichora njia nne na njia nne kwa jembe, tukaweka birika bovu la Mama katikati ya mzunguko, na kila mtu akatafuta mfuniko wa sufuria au ungo mbovu uwe sukani wake. Tulikuwa watoto wengi, wengine wakitoka mpaka vijiji vya jirani, tunanguruma mpaka koo zinakauka. Shangazi alikaa kwenye tuta na mwavuli wake, akasimamia sheria. "Indiketa!" alipiga kelele. "Weye mwenye ungo, wahama njia bila ya indiketa!" Faki hakupenda kupunguza mwendo, kwa hivyo kila mara aliipita njia yake ya kutokea, na Shangazi hakumsamehe: ilimbidi akimbie mpaka kwenye mnazi wa mwisho, ageuze, arudi huku jasho linamtoka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mchezo ule haukututoa hata senti, na, tofauti na michezo ya simu ya leo, hakuna aliyetuuliza neno la siri la kuingilia.

Lakini Shangazi hakurudi Pemba kusimamia michezo ya watoto. Siku moja asubuhi alimfuata Baba pale alipokuwa akitia maji kwenye rejeta.

"Kaka, mie nataka nikusaidie kuendesha. Wachoka. Siku za soko nipe mie."

Baba hakuinua kichwa. "Mize, gari hino si ya kuchezea."

"Sichezi. Leseni n'nayo."

"Leseni ya kule kwenye lami. Kuno njia ina mashimo, ina ng'ombe." Akafunga rejeta. "Na ina maneno ya watu. Mwanamke wa Wingwi aendeshe pikapu ya magunia? Watasema n'mekosa cha kumlisha dada yangu, n'mempa kazi ya utingo."

"Waache waseme."

"Weye utasema waache. Nikaao nao barazani ni mie."

Shangazi hakubishana. Aliingia ndani, akachukua jembe, akaenda shamba la muhogo. Jioni ile hakuhadithia kitu, na wala hakuhadithia kesho yake. Mama alimpelekea chakula chumbani. Tulimsikia Bibi akimwambia Baba maneno kwa sauti ya chini, na Baba akijibu, "Mama, niachie hili." Nyumba ikawa na ubaridi ambao sisi watoto tuliuona lakini hatukujua pa kuushika.

Ndipo ukaja msimu wa karafuu. Wenzangu wa umri wangu wanaukumbuka msimu ulivyokuwa: skuli zimefungwa, vidole vyetu vyeusi kwa utomvu, kila uwanja umetandikwa majamvi na kisiwa kizima kinanuka utamu unaowasha puani. Baba alipanda mikarafuu yake mwenyewe kuchuma. Asubuhi moja, mimi nikiokota mbeta, zile karafuu zilizodondoka chini ya mti, nilisikia tawi likilia juu, kisha nikamwona Baba anakuja chini na tawi lake. Hakupiga kelele. Alipiga kelele pale watu walipojaribu kumwinua, na nilipouona mguu wake wa kushoto nikageuza uso.

Walimleta nyumbani juu ya kitanda cha kamba. Paja lilikuwa limevunjika, na limeanza kuvimba. Mwenye gari mwengine pale kijijini alikuwa ameshatoka alfajiri na magunia yake, na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Watu walijaa uani, kila mmoja ana rai yake. Mmoja ataka aitwe mganga wa mifupa, mwengine ataka mtu akimbie mpaka Konde akatafute dereva.

Shangazi Mize alitokea na buibui lake. "Ufunguo uko wapi?"

Baba, uso umekuwa kijivu, alisema, "Mwiteni Saidi wa Konde."

"Saidi mpaka aje, mguu ushaoza," alisema Shangazi.

"N'mesema mwiteni Saidi!"

Bibi akasogea mpaka kitandani, akatia mkono katika mfuko wa shati la mwanawe kama mama anavyomtoa mtoto tonge mdomoni, akautoa ufunguo akampa binti yake. "Nenda," alisema. "Huyu n'memzaa mie. Maneno ya watu nitayajibu mie."

Tulimlaza Baba nyuma juu ya godoro la sufi. Mama akampakata kichwa, mimi nikapewa mwavuli nimkinge na jua. Shangazi akawasha gari. Ikaruka mbele, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Nilimwona kwa kile kidirisha cha nyuma, anapapasa pembeni mwa kiti akitafuta giya. Gari yake ya Maskati ilikuwa ikijibadilisha giya yenyewe. Hii yetu ilikuwa na klachi nzito na giya iliyopachikwa kwenye sukani, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Pale ndipo Baba, amelala chali na macho kayafumba, aliposema, "Mize. Kanyaga klachi yote, mpaka chini. Sasa giya ivute kwako, ishushe. Iachie klachi polepole. Polepole, kama unayeamka pembeni mwa mtoto aliyelala."

Gari ikaondoka.

Safari nzima ilikwenda hivyo. Mlima ukija, Baba aliujua kwa mgongo wake. "Ya pili sasa. Ya pili!" Shimo likija, Shangazi alipunguza mwendo akalizunguka kwa upole, na kila mahali alipohama upande aliwasha indiketa, ingawa nyuma yetu hakukuwa na kitu ila vumbi letu. Watu waliokuwa wakianika karafuu kando ya njia walisimama na mikono kiunoni. Mwanamke mmoja akaita, "Ee! Ni Mize huyo?" akapiga kigelegele, kisha alipomwona Baba nyuma akaziba mdomo. Baada ya Konde tulimkuta ng'ombe kalala katikati ya njia. Shangazi akapiga honi. Ng'ombe akamtazama tu.

"Maskati mwafanyaje?" Baba aliuliza kutoka nyuma.

"Maskati kuna ngamia," alijibu Shangazi, "na ngamia ana adabu."

Baba akacheka. Kicheko kikamgeukia maumivu, akalia, na Mama naye akawa analia na kucheka, machozi yake yanamdondokea Baba kwenye paji la uso. Mwenye ng'ombe akaja mbio akamwondoa mnyama wake. Tuliingia Wete jua likiwa kichwani, na Shangazi alipozima injini mbele ya hospitali alibaki ameinamia sukani kwa muda, mpaka Mama alipomgusa bega.

Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi. Baba hakupanda mkarafuu tena, na mguu wenyewe ulikuwa ndio wa klachi. Siku aliyorudi nyumbani na magongo yake alizungukia upande wa abiria, akaifungua ile kamba ya usumba, akaingia akakaa. "Twende soko," alimwambia dada yake. Maneno ya watu yalikuwapo kwa muda, Bibi aliyajibu kama alivyoahidi, kisha wake zao wenyewe wakaanza kuja kuomba lifti. Shangazi Mize aliendesha pikapu ile mpaka ilipokufa kabisa, miaka mingi, na wajukuu wengi wa Wingwi mama zao walifikishwa Wete naye kujifungua.

Mimi sasa naishi Dar es Salaam. Kila asubuhi naingia barabara ile pana ya kutoka Kimara, njia nne zangu na nne za wanaorudi, madaraja juu ya madaraja, na nina gari inayoniambia mahali pa kukunja kona. Ni barabara nzuri. Inanifikisha. Lakini nimepita hapo na watu maelfu, na nikiulizwa leo nimemwona nani njiani, sina jina hata moja.

Idi iliyopita nilikwenda Pemba. Baba na Bibi wameshatangulia, Mungu awarehemu. Shangazi yupo, macho yanaona bado lakini magoti yamegoma. Nilichukua gari ya Faki nikampeleka matembezi, maana lami sasa imefika mpaka kwetu na safari iliyotuchukua nusu siku haimalizi kaseti moja, kama kuna anayeijua kaseti. Aliomba nizime kipoozeo nishushe kioo. Kila tulipopita watu barazani alitoa mkono nje akawapungia. Wazee walimjua, wakaita jina lake. Vijana walikuwa wameinamia simu zao, na wenye bodaboda walitupita kama risasi, visikizi masikioni.

"Hawakuniona," alisema, bila hasira. Tukaenda kidogo. "Basi tia mwendo, mwanangu. Usije ukachelewa mambo yako."

Sikutia mwendo. Niliendesha vilevile polepole mpaka Konde, na yeye mkono wake nje ya dirisha.