Waliobebewa Viti

Harufu ya salfa ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, wanaume waliwasha mashine za kupulizia mikorosho, na vumbi la njano likatambaa kutoka mashambani hadi ndani ya nyumba, likatua kwenye ndoo za maji, kwenye nywele, kwenye kiporo cha ugali. Macho yalituwasha mpaka jua lipande. Kijiji chetu kiko Ruangwa, mwendo wa baiskeli kutoka Nkowe, na wengi waliokulia huko watakwambia kuwa harufu ile ni dalili ya korosho kukaribia. Kwangu mimi ni harufu ya hofu. Nilikuwa darasa la nne msimu ule, na mama yangu alikuwa ameamua kusimama kwenye mkutano wa kijiji.

Alikuwa na bustani bondeni. Kiangazi kilipokaza, wanawake walishuka na majembe, wakachimba mashimo mchangani, kila mmoja la kwake, na maji yakapanda taratibu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kando ya shimo lake mama alipanda mchicha, maboga na mahindi machache, akazungushia matawi ya miiba. Katika miezi ile ambayo ghala limebaki vumbi na korosho bado ni maua, tulikula kutoka pale. Sasa wafugaji walikuwa wamehamia kwetu kutoka kanda ya ziwa, na makundi ya ng'ombe wenye pembe ambazo sisi watoto hatukuwahi kuziona, na viongozi wakatangaza kwamba bonde litachimbwa lambo la kunyweshea mifugo. Sisi tungepata kisima cha pampu karibu na shule. Wataalamu wameshapima, tuliambiwa. Mkutano ulikuwa wa kupitisha tu.

Lazima nieleze mkutano kwetu ulikuwaje. Asubuhi yake mwalimu wa zamu alitutoa darasani, tukabeba viti vya ofisi vichwani hadi uwanjani, tukavipanga kivulini. Viti vilikuwa vya wasomi. Wengine wote walikaa chini, wanawake juu ya kanga zao, wanaume juu ya ndala zao. Msomi kijijini petu hakuwa lazima mtu aliyesoma sana. Alikuwa mtu aliyebebewa kiti. Mganga wa zahanati alibebewa, mwalimu mkuu alibebewa, na kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam na miwani ya jua alibebewa pia, ingawa hakuna aliyejua alisomea nini huko. Hakuna aliyeuliza. Aliyekaa chini hakumuuliza aliyekaa kwenye kiti. Tulikuwa tumesikia habari za mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyebishana na wakubwa, akalazwa ndani siku kadhaa, akarudi amepungua sauti.

"Mama Rehema, yale mambo ni ya watu waliosoma," baba alimwambia jikoni usiku wa kuamkia mkutano. "Tuwaachie wenyewe."

"Na mchicha nao umesoma?" mama akamjibu, akaendelea kuchochea moto.

Baba hakucheka. Mimi nililala nikiota mama anaondoka akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Njiani kwenda uwanjani, kiti kikinitingisha shingo, rafiki yangu Hadija alinisogelea. "Mama yako ana wazimu, ee? Watamweka ndani. Utapikiwa na nani wewe? Na baba yako yule, hata chai inamshinda!" Wengine wakacheka hadi viti vikayumba. Mimi niliomba mvua inyeshe, kiangazi kile kile.

Afisa aliyetoka wilayani aliongea kwa upole. Nataka kumtendea haki: hakuwa mtu mbaya, na kuhusu maji alikuwa sahihi, kwani mashimo yetu yalituharisha kila mwaka. Alipouliza kama kuna swali, uwanja ulinyamaza kama ulivyozoea. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti pamoja na watoto wenzangu. Nikaona kanga ya mama ikiinuka.

"Mimi nauliza," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye Kimwera ndani yake. "Kabla ya kupima, mlimuuliza ntu gani? Maana mimi pale nipo kila siku, na sikuona ntu."

Kicheko kililipuka. Sijasahau kilikotoka. Waliokaa kwenye viti hawakucheka. Walitazama viatu vyao. Kilitoka chini, kwa majirani zetu, kwa wanawake waliokuwa na mashimo kando ya shimo lake. "Ntu! Ntu!" waliigiza, ingawa wao wenyewe walisema hivyo hivyo. Nikashikilia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Mama, keti," mwenyekiti alisema. "Hili wameshalitazama wataalamu."

Hapo Mzee Masanja, mfugaji, akasimama kule mwisho na fimbo yake. "Mwenyekiti, hata sisi hatukuulizwa. Mimi ng'ombe nawanywesha kule juu. Ukinileta kwenye mboga za mama huyu, kesho tutatoana damu."

"Na wewe mgeni keti!" mtu akapayuka, wakacheka tena.

Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka kama mihogo shambani. Niliutafuta wa baba nikauona, umenyooka nusu, na uso wake ameuinamishia mchangani. Mama alikuwa bado amesimama, mikono yake imening'inia. Hakuna aliyemkamata. Hawakuwa na haja.

Lambo lilichimbwa, na pampu nayo ikaja kweli. Matumbo yetu yakapona, na miezi ile ya kungoja korosho, bustani ikiwa haipo tena, tukalala na uji mtupu.

Sasa ninaishi Nachingwea mjini, ninaandika vitabu, na watu huniita msomi bila mzaha. Juzi mama alinipigia simu. Alisema wametokea watu wenye mashine, wanatafuta madini ya kinywe, yale meusi ya kutengenezea penseli, ng'ambo ya shamba letu la mikorosho, na wameweka alama nyekundu kwenye mashina. Nilingoja aniambie amewajibu nini. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kama zamani.

"Sasa ninyi wasomi mmeamuaje huko?" akauliza.

"Mimi sijui, mama. Wewe umewaambia nini?"

"Mimi?" Nikasikia kuku nyuma yake. "Basi mkishaamua, mtatuambia."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, wala hasira. Heri angenigombeza.