Chapa Chini ya Kitako

Siku karakana yetu ilipotimiza miaka mia, bunduki ya baba wa babu yangu ilinivua nguo mbele ya wageni wote. Na wala haikufyatuka.

Masikio yanawaka hata sasa nikiandika.

Naitwa Lionello Scalvaggi. Ukoo wetu unatengeneza bunduki za kuwindia hapa Gardone, mji wetu wa bondeni, tangu enzi za Mzee Santo, huyo baba wa babu. Bunduki yake ya kwanza ilikaa kwenye kabati la kioo, na hakuna aliyethubutu kuifungua. Sisi watoto tulipita mbele yake kwa adabu kama tuko kanisani.

Ng'ambo ya uchochoro kuna kina Pelizza, mafundi kama sisi.

Sisi tuliwaita kina Kaboni, kama ile karatasi ya kunakilia. Eti mzee wao, Agostino, alinakili mtambo wa kufyatulia aliobuni Mzee Santo. Jina nililikuta nyumbani, lakini shuleni nililisambaza mimi. Mdomo wangu hauna breki.

Basi, Jumapili ya sherehe. Mishikaki inazunguka juu ya makaa tangu asubuhi, polenta, ugali wetu wa mahindi, inakorogwa kwenye sufuria ya shaba. Baba yangu, Ermes, kavaa tai, kitu anachofanya kwenye harusi na misiba tu.

Diwani kaja kuichukua bunduki ya Santo. Itawekwa ukumbi wa mji, na kibao: mtambo wa kwanza wa aina yake bondeni, kazi ya Scalvaggi.

Diwani huyohuyo kamwalika na Ombretta Pelizza.

"Kaboni," nikamwambia, "umekuja na karatasi yako, au leo unanakili kwa kichwa?"

Meza nzima ikacheka. Yeye akaomba polenta.

Mteja wetu mmoja wa Bergamo akataka kuona chapa. Kwetu jina la karakana hukaa nje, linang'aa. Fundi aliyeifanya kazi yenyewe hugonga herufi zake ndani, chini ya mbao ya kitako, mahali ambapo fundi mwenzake tu ndiye ataziona.

Nikachukua bisibisi kwa madaha yote.

Ombretta akanisogelea, akanong'ona. "Lionello, iache hiyo. Waambie mbao imezeeka, itapasuka."

"Unaogopa nini, Kaboni?" nikasema kwa sauti, wote wasikie.

Akarudi nyuma.

Skrubu zikatoka. Mbao ikatoka.

Herufi mbili ndani ya duara. A na P. Kwenye mtambo, kwenye kila kipande cha mtambo. Chapa ya Santo nikaitafuta kama mtu aliyeangusha pete. Haikuwepo.

Mteja akainama na miwani yake. "A.P. Huyu ndiye nani?"

Mafuta ya nyama yakawa yanadondoka kwenye makaa, tunayasikia. Baba akalegeza tai.

Nikatafuta utani. Mimi, mwenye utani hata wa kumpa daktari wa meno. Sikupata hata mmoja.

Nikajua sasa Ombretta anatumaliza. Ningekuwa mimi, ningewamaliza.

Akasimulia taratibu, kama anayeomba radhi yeye. Kwenye kituo cha majaribio, ambako kila mtutu hufyatuliwa kwa baruti ya kuzidi kiasi kabla ya kugongwa muhuri, mtutu mmoja wa Agostino ulipasuka ukamkata mtu vidole. Tangu hapo hakuna aliyetaka bunduki yenye jina lake. Santo akamwambia wewe tengeneza, mimi nitaweka jina langu nje, na familia yako itakula.

"Hawakuwa maadui," Ombretta akasema. "Agostino aliapa hatamwaibisha aliyemlisha. Na sisi tukakishika hicho kiapo."

Hadithi ya wizi basi ilitoka wapi?

Bibi yangu Delfina akaweka uma chini. Akasema ilitoka kwa marehemu mume wake. Kina Pelizza walipoanza tena kuuza kwa jina lao, mteja aliuliza mbona mitambo yetu inafanana na yao, na babu akaona haya kusema ukweli. Akasema wametuibia.

"Mama, na wewe ulijua?" Baba akamuuliza.

"Nilikuwa jikoni. Nilisikia."

Akaushika tena uma wake.

Nikaifunga ile bunduki kwenye aproni yangu, vipandevipande, nikampelekea Ombretta. Nikamwambia aichukue, ni yao.

Akatikisa kichwa. Akasema iende ukumbini na majina mawili, kama ilivyotengenezwa.

"Mimi nataka jingine, Lionello. Lile jina life. Siku tunamzika baba yangu ulibeba shada. Ukamwambia mwenzako kitu kuhusu Kaboni na jeneza, mkacheka. Nilikuwa nyuma yako."

Naukumbuka ule utani. Siuandiki hapa.

Bunduki iko ukumbini, na kibao chake ni cha majina mawili. Lakini wazee wa baa bado wanasema kina Kaboni. Kila nikiwakataza wanacheka: "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Nalipa kahawa, natoka. Napita mlango wa Ombretta nikiangalia chini.

Wewe unayesoma, kama kuna watu mnaowacheka kwa hadithi mliyoikuta nyumbani, ifungue kwanza uone chapa ya nani imo ndani. Mimi bisibisi nilikuwa nayo mfukoni miaka yote.